Wanga, Gundi ya Mgunga na Hataza: Je, Kuchanganya Vinavyojulikana ni Uvumbuzi?

Hotuba ya kamati ya elimu na vijana, iliyosomwa Qurayyat katika sherehe ya Siku ya Uhuru, 9 Desemba

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi watoto mlioketi mbele kwenye mkeka,



Tunawashukuru waliotoka Muscat na Sur kuja kusherehekea nasi hapa Qurayyat. Kamati ya chakula imetupa dakika ishirini, na tumeshaonywa kwamba pilau haingoji hotuba. Tutasema tuliloagizwa kulisema, na tutalisema lote, kwa sababu linahusu fedha zenu na linahusu watoto wenu wawili.

Mtaikumbuka meza ya mwaka jana, pale karibu na mlango. Binti yetu wa miaka kumi na sita na binamu yake waliweka makaa ya chetezo waliyoyatengeneza wenyewe. Walikusanya kokwa za tende, ambazo mji huu hauna shida nazo, wakazichoma ndani ya pipa lililofunikwa, wakazitwanga, wakachekecha. Unga ule wakaukanda kwa uji wa wanga wa muhogo uliotiwa gundi ya mgunga, ile ambayo majirani zetu Waarabu wanaiita samgh. Wakaubana ndani ya vifuniko vya chupa, wakaanika juani. Mabibi zetu waliweka udi juu yake na wakasifu, kwa sababu makaa mengi ya duara yanayouzwa madukani yametiwa shura ili yashike moto upesi, na shura ina harufu yake. Ya watoto yalichelewa kuwaka, lakini udi ulinukia udi.

Tukafurahi, na kwa furaha ile tukachapa katika gazeti hili la ukumbusho picha ya watoto, picha ya makaa, na vipimo vyote: vikombe vingapi vya unga, vijiko vingapi vya wanga, gundi kiasi gani. Hakuna aliyesimama kuuliza kama ni busara. Kosa hilo ni la kamati hii, wala hatumsukumii mtu mwingine.

Miezi michache baadaye akaja wakala mmoja kwa wazazi wa binti. Alikuwa na karatasi nzuri na maneno mengi. Akasema atawapatia watoto hataza ya makaa yao, itakayotambulika Ghuba nzima na Afrika Mashariki nzima, nao walipe ada kwanza. Wazazi hawakuwa na fedha hizo, wakaja kwetu kuuliza kama mfuko wa chama unaweza kusaidia. Mkutano ukatuagiza tuchunguze, na hotuba hii ndiyo majibu yetu.

Hataza, kwa watoto ambao hawajalisikia neno hili, ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi. Kwa muda maalumu, nchi nyingi ni miaka 20, mtu mwingine haruhusiwi kutengeneza au kuuza kile kitu bila ruhusa yake. Mvumbuzi naye anatakiwa aandike wazi kila anachojua, ili muda ukiisha watu wote wanufaike. Ni mapatano baina ya mtu mmoja na umma.

Kwa kuwa leo ni siku ya Uhuru, tuseme jambo ambalo hata wengine kati yetu tulikuwa hatulijui. Tulipopandisha bendera mwaka 1961 hatukuwa na hataza zetu wenyewe. Sheria ya kikoloni ilimtaka mtu apate kwanza hataza Uingereza, kisha aisajili Dar es Salaam. Fundi wa Tanga mwenye wazo lake alitakiwa aanzie London. Bunge lilipitisha Sheria ya Hataza mwaka 1987, miaka 26 baada ya bendera. Leo kwa Tanzania Bara mtu huenda BRELA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na wakala wake, BPRA, kwa hiyo hati ya Bara haimlindi mtu Unguja wala Pemba. Kuna pia shirika la nchi za Afrika, ARIPO, lililoko Harare, ambako ombi moja laweza kupelekwa kwa nchi kadhaa. Oman nayo ina sheria yake ya haki za mali ya viwanda, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 67 ya mwaka 2008. Kila nchi inatoa yake, na hataza ya dunia nzima haipo. Anayekuahidi hiyo anza kumtilia shaka hapo hapo.

Sheria hizi zote zina milango inayofanana. Mlango wa kwanza ni upya: je, jambo hili lilishajulikana popote? Wa pili ni matumizi: je, linaweza kutengenezwa na kutumika? Wa tatu ndio unaowakwamisha wengi, na ndio uliotuweka macho usiku. Unaitwa hatua ya uvumbuzi. Swali lake ni hili: fundi wa kawaida wa kazi hiyo, akiwa na yote yanayojulikana mbele yake, je, asingeona tu kwamba jambo hili lafanyika? Kama angeliona bila taabu, basi lilikuwa dhahiri, na hataza haitolewi hata kama hakuna aliyewahi kulifanya.

Huyu fundi hayupo kwa jina wala sura. Ni mtu wa kuwaziwa. Amesoma kila kitabu cha kazi yake, hata kilichoandikwa kwa lugha ya mbali, lakini si mtu wa maajabu. Wala si mjinga. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 2007 kesi ya KSR na Teleflex, iliyohusu kanyagio la gari lililofungwa kifaa cha umeme, ilisema fundi huyu anayo akili ya kuunganisha vipande vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile. Matokeo yakiwa ndiyo yaliyotegemewa, muungano ule haustahili hataza.

Sasa tuje kwenye makaa yetu. Wanga wa muhogo unajulikana. Ukiupika na maji unavimba, unakuwa uji mzito, na ukikauka unashika. Nyumbani watu wanaotengeneza mkaa mbadala kwa vumbi la mkaa, maranda na pumba wanautumia siku zote. Gundi ya mgunga nayo inajulikana tangu enzi. Inayeyuka hata katika maji baridi, imeshika rangi, wino na dawa za vidonge. Kila moja imeshatumika kushikisha unga wa makaa. Watoto wetu walichukua mbili zinazofanya kazi ileile wakazitia katika sufuria moja ili zifanye kazi ileile.

Hapo ndipo tulipokutana na kesi mbili zilizotunyamazisha. Ya kwanza ni ya Uingereza, mwaka 1890, Williams na Nye. Kulikuwa na mashine ya kusaga nyama, inajulikana. Kulikuwa na mashine ya kujaza soseji, inajulikana. Mtu akaziunganisha zikawa mashine moja, nyama inaingia huku soseji inatoka kule. Ni kitu kizuri na chenye faida dukani. Mahakama ikasema si uvumbuzi, kwa kuwa kila nusu iliendelea na kazi yake ya zamani, zimekaa tu bega kwa bega. Kesi hiyo bado inakumbukwa: mabwana wa sheria wa London waliirejea tena mwaka 2004 katika shauri la majiko ya gesi. Nchi zetu zimerithi sheria ya Kiingereza, kwa hiyo soseji ile inatuhusu hata sisi.

Ya pili ni ya Marekani, mwaka 1980, inaitwa Kerkhoven. Mtu alichukua sabuni mbili za unga, zote za kufulia, akazichanganya kupata sabuni ya tatu ya kufulia. Mahakama ikasema, ukichanganya vitu viwili ambavyo kila kimoja kinajulikana kwa kazi fulani, ili upate cha tatu kwa kazi hiyohiyo, kwa kuanzia huhesabiwa ni dhahiri. Anayepinga alete sababu.

Wanga na gundi ya mgunga ndizo sabuni mbili zile.

Tuliposoma hilo mama mmoja katika kamati alicheka. Akasema hakuhitaji mahakama ya Marekani kumweleza. Aulizwe mpika halua yeyote, wa Wete au wa hapa. Halua ni uwanga, sukari, samli, zafarani na hiliki. Kila mpishi ana mkono wake: huyu anazidisha samli, huyu anakoroga saa moja zaidi. Lakini hakuna mpishi atakayesimama aseme kuongeza uwanga wa namna ya pili ni ugunduzi. Mzee mwingine akakumbusha majahazi: deheni ile ya mafuta na chokaa iliyopakwa chini ya chombo, sifa ya papa iliyopakwa mbao, pamba iliyotiwa kalafati. Mabaharia wa Sur na wa Lamu walichanganya vitu hivyo kwa kadiri ya walivyovipata bandarini. Na udi wetu wa nyumbani je? Sukari imepikwa ikashika vipande, marashi na sandali. Ukweli ni kwamba mambo ya kushikisha kitu kwa kitu ni kazi ya kale sana upande huu wa bahari, na fundi wa kuwaziwa, kama angezaliwa kwetu, angekuwa mgumu kushangazwa.

Hatukutaka kuamua kwa vitabu peke yake. Tulikaa na watoto Ijumaa kadhaa, uani kwa mmoja wetu, tukatengeneza makaa ya namna tatu: ya wanga peke yake, ya gundi peke yake, na ya vyote viwili. Tukayaangusha sakafuni kutoka kimo cha kiuno. Tukayaacha usiku kucha nje mwezi wa saba, mnajua unyevu wa bahari yetu mwezi huo, shati lililoanikwa jioni linaamka bichi. Tukayachoma na kunusa.

Ya wanga yalikuwa magumu lakini kingo zilivunjika. Ya gundi yalishika vizuri yakiwa makavu, ila kwa unyevu yalianza kunata mkononi. Ya vyote viwili yalikuwa katikati: kingo bora kidogo kuliko ya wanga, yananata kidogo kuliko ya gundi. Binti aliandika yote kwenye daftari na mwisho akauliza mwenyewe, bila sisi kumwambia, "Kwani si ndivyo mtu yeyote angesema?" Ndivyo hasa. Hilo ndilo jibu la mlango wa tatu, na alilitoa yeye.

Lakini haingekuwa haki kumaliza hapo, maana wapo waliochanganya vinavyojulikana na wakashinda. Mmarekani mmoja aliyeitwa Adams alitengeneza betri ya magnesiamu na kloridi ya shaba, inayoanza kufanya kazi ukiimwagia maji ya kawaida. Sehemu zake zote zilikuwa zinajulikana. Wataalamu wa jeshi walipoiona mara ya kwanza hawakuamini itafaa. Baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ikaitumia bila kumlipa. Kesi ikafika Mahakama Kuu mwaka 1966, na Adams akashinda, kwa sababu vile vipande vilipokutana vilitoa jambo ambalo wajuzi wenyewe wa kazi hawakulitegemea, tena vitabu vya zamani vilikuwa vinamwonya mtu asipite njia ile.

Hata katika gundi za mimea jambo hili hutokea, na huu ndio mfano tunaoupenda zaidi. Iko gundi inayotokana na mbegu za kharubu, mti wa nchi za Bahari ya Kati. Ukiitia katika maji moto inakuwa nzito kama mchuzi wa bamia, basi, haigandi. Iko nyingine, zanthani, inayotengenezwa kwa vijidudu vilivyolishwa sukari. Nayo inazidisha uzito tu, haigandi. Zitie pamoja, zipashe moto, ziache zipoe: zinaganda kama jeli, unakata kwa kisu. Mwani wetu nao una habari hiyo. Kule Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake, kuna mwani wa spinosamu na mwani wa kotonii, na viwanda vya ng'ambo huvitoa ute unaoitwa karajini. Karajini ya kotonii ikiganda peke yake inakuwa ngumu na inakatika kama biskuti. Ukiitia gundi ya kharubu inakuwa laini, inanyumbuka. Aliyeliona hilo mara ya kwanza aliona kitu ambacho mbili zile hazikumwambia zilipokuwa mbalimbali. Leo limo vitabuni, kwa hiyo nalo sasa ni la kila mtu.

Kwa hiyo mtu akituuliza kama kuchanganya gundi mbili zinazojulikana ni uvumbuzi, tunamjibu kwa swali: zikikutana, zinafanya nini ambacho usingekitabiri? Kama jibu ni "zinashika vizuri kidogo," arudi jikoni.

Tulipowaeleza wazazi, baba mmoja alikasirika, na tunamwelewa. Alisema makampuni makubwa yanachanganya unga na unga yanapewa hati, watoto wetu wakichanganya tunawaambia ni dhahiri. Sheria imewekwa kwa ajili ya wenye mawakili.

Hasira yake haikuwa bure, kwa maana hati za namna hiyo zimewahi kutolewa. Mwaka 1995 ofisi ya Marekani ilitoa hataza ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano! Kila mama hapa ameshayapaka kwenye goti la mtoto. Mwaka 1994 ofisi ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Mwarobaini ambao sisi jina lake tu ni hesabu ya maradhi unayotibu. Na mwaka 2007 Ulaya ikatoa hataza ya unga wa tefu, nafaka ya majirani zetu Waethiopia, kwa kampuni ya Uholanzi.

Lakini tazameni hati hizo ziliishia wapi. Ya manjano ilifutwa mwaka 1997, baada ya baraza la utafiti la India, CSIR, kupeleka maandiko ya zamani na makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953. Ya mwarobaini ilifutwa mwaka 2000, wenyewe wakakata rufaa, wakashindwa mwaka 2005. Ya tefu ilibatilishwa na mahakama ya The Hague mwaka 2018, kwa nchi ya Uholanzi, na sababu ilikuwa ileile ya mlango wa tatu: hakuna hatua ya uvumbuzi. Mlango ambao baba yule anataka tuulegeze ili mwanawe apite ndio uliowazuia waliotaka kupita na mwarobaini wetu. Ukilegezwa hautapita makaa ya kokwa peke yake. Watapita kwanza wenye mawakili aliowataja.

Kuna neno moja hapa linalotuuma sisi watu wa kusimulia. Mkaguzi wa hataza huona alichoandikiwa. Maarifa yaliyoko kichwani mwa bibi hayaoni. Wahindi walishinda ya manjano kwa kuwa walikuwa na karatasi za kuonyesha. Sisi ujuzi wetu mwingi wa ulimbo, sandarusi, ubani na liwa haujaandikwa mahali. Bibi akiondoka unaondoka naye, na akitokea mtu wa mbali kuudai, tutatoa ushahidi gani? Kwa hiyo kamati inaomba kila familia, kwa gazeti la mwakani, ilete ukurasa mmoja wa jambo lililofanywa nyumbani kwao: la kushikisha, la kupaka, la kufukiza. Jina la mmea kwa lugha zote mnazozijua, namna ya kutengeneza, na nani alimfundisha nani. Watoto waandike, wazee waseme.

Na hapo turudi kwenye kosa letu la mwaka jana, maana lina pande mbili.

Upande wa uchungu ni kwamba tulipochapa vipimo, makaa yale yalikuwa yameshaingia katika yanayojulikana. Hata kama yangekuwa na hatua ya uvumbuzi, ukurasa wetu wenyewe ungetumika dhidi ya watoto. Marekani humpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipolitangaza mwenyewe. Ulaya karibu haimpi hata siku moja. Haijalishi kwamba gazeti letu ni la Kiswahili na nakala ni chache. Likishafika mikononi mwa watu, limetangazwa. Watoto, sikilizeni hili zaidi ya yote ya leo: mkiona jambo la ajabu katika kazi zenu, andikeni daftarini na tarehe, mwoneni mtu anayejua sheria, ndipo mpige picha. Wala msiliweke kwenye simu kwanza.

Upande wa pili ndio uliotupunguzia usingizi mbaya. Wakala yule, au mfanyabiashara yeyote aliyepiga picha meza ile, naye hawezi kuchukua mchanganyiko ule akaudai kuwa wake peke yake. Akijaribu, ukurasa wa mwaka jana ni shahidi, wenye tarehe. Tumeweka nakala tano kwa mweka hazina, ndani ya mfuko wa nailoni, mbali na panya na mbali na mafuriko ya wadi. Hakuna wa kuwazuia watoto wetu kutengeneza makaa yao.

Wapo waliouliza kuhusu hati ndogo. Kenya, kwa mfano, kwa sheria yake ya mwaka 2001, ina hati ya mfano wa matumizi, ya miaka 10, ambayo haidai hatua ya uvumbuzi, inadai upya na matumizi. Ni njia nzuri kwa mafundi wadogo, na vijana wa Mombasa waliomo humu wailenge. Lakini nayo yataka upya, na upya wa makaa haya tuliumaliza wenyewe kwa picha za rangi. Kinachobaki ni jina. Alama ya biashara haiulizi kama kilichomo ni kipya. Inauliza kama jina na nembo vinatofautiana na vya wengine. Mpika halua mashuhuri hana hataza. Ana jina lake kwenye kopo, na mkono ambao hauelezi kwa mtu.

Basi uamuzi wa kamati, ambao tunauleta mbele yenu muukubali au muukatae, ni huu. Mfuko wa chama usimlipe wakala yule hata baisa moja. Fedha zilizoombwa, sehemu yake itumike kuwanunulia watoto kibano cha chuma badala ya vifuniko vya chupa, mizani ya kweli, na kulipia nembo yao watakapoamua jina. Nyingine ibaki.

Ibaki kwa sababu hii. Ijumaa ya mwisho kule uani tulijaribu namna ya nne. Mama mmoja alikuwa na kitu alichokileta kutoka nyumbani ndani ya begi, kwa mapishi yake, na binamu mtu akauliza kama anaweza kutia kidogo. Tukatia. Tukayaacha nje usiku kama yale mengine. Asubuhi tulitazamana. Tukarudia wiki iliyofuata, ikawa vilevile.

Ni kitu gani, na kilifanya nini, hatusemi, na hotuba hii itachapwa kwa hivyo msitutege. Watoto wamekatazwa kusema, na mama naye amekatazwa, ingawa kwa mama tumeomba tu. Daftari limefungwa. Tumekubaliana wajaribu mara ishirini kabla ya Ramadhani, kwa vipimo, na wajaribu pia kuuvunja ugunduzi wao wenyewe: labda ni hali ya hewa, labda ni makaa yalichomwa zaidi. Huenda likawa si kitu. Likibaki limesimama, tutaomba idhini yenu ya kumlipa mwanasheria wa kweli, atakayetupa risiti.

Makaa ya namna ya kwanza, yale ya dhahiri, yako mezani mlangoni, mfuko baisa mia tano. Yanachelewa kushika moto, kwa hiyo wekeni mapema kabla wageni hawajafika. Na kuna sanduku la kura kwa ajili ya jina. Binti anataka Kokwa, binamu yake anataka jina la Kiarabu, na bibi yao anataka lake mwenyewe.